TUCHAGUE KIKATA-PEMBE KWA UNENE WA NGOZI, SI KWA NAMBA

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama wa tawi letu Jumapili. Imepigwa chapa hapa ili wale waliokuwa zamu nao wapate kuisoma kabla ya kura.)

Bwana Mwenyekiti, viongozi wa tawi, na ndugu wanachama, mabwana na mabibi,

Kamati imetuomba tuseme machache juu ya kazi ya ngozi, ambayo baadhi yetu twaifanya baada ya saa za reli: mishipi, kanda za mikoba, makubazi na vipochi. Hatutasema habari zote za ngozi, maana siku haitoshi. Tutasema juu ya chombo kimoja tu, tena kidogo, kile cha kupunguzia pembe za ukingo.

Sababu ya kukisema ni fedha. Imeletwa hoja ya kwamba tutoe katika mfuko wa kikundi fedha za kununua seti nzima ya vyombo hivi, namba 1 mpaka namba 5, kwa kuwa muuzaji mmoja aliwaambia wenzetu ya kwamba fundi asiye na zote tano si fundi. Mfuko huo ni michango yetu wenyewe. Kila shilingi iliyomo imetoka kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba. Basi kabla ya kuinua mikono, yafaa kila mwanachama ajue namba hizo zina maana gani.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajakishika. Wengine hukiita bevela. Sisi kikundini twakiita kikata-pembe. Kimefanana na tindo ndogo yenye mpini wa mti, lakini ncha yake ina meno mawili kama uma, na makali yamo katikati ya meno hayo. Ukiuweka ukingo wa ngozi kati ya meno na kusukuma, huondoa pembe kali na kutoa uzi mwembamba wa ngozi.

Ukanda uliokatwa kwa kisu una pembe mbili katika kila ukingo, moja upande wa manyoya na moja upande wa nyama. Pembe hizo zikiachwa, hukwaruza mkono na kiuno, hubonyea na kujikunja, na ukingo huanza kutoa nyuzi. Zikiondolewa sawasawa, tena ukingo ukapigwa msasa, ukaloweshwa kidogo, ukasuguliwa kwa mti laini na nta, huwa mviringo na hung'aa. Mnunuzi pale soko la Kariokor haulizi mshipi umeshonwa na nani. Hupitisha kidole gumba ukingoni, kisha huukunja. Kidole kile ndicho kinachotupa bei au kutunyima.

Sasa tuje kwenye namba. Ndugu zetu wa karakana wanajua spana. Spana namba 17 ni milimita 17, na itaingia katika kichwa cha bolti ya milimita 17, iwe imetengenezwa Ujerumani au India. Kikata-pembe si hivyo. Watengenezaji hawakukubaliana juu ya namba zao. Kwa kawaida namba ndogo hukata kidogo na namba kubwa hukata sana. Lakini namba 2 ya mmoja yaweza kuwa kama namba 1 ya mwingine, au kama namba 3. Tena wako wanaoanzia 0 au 00. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Kwa mshipi nunua namba 2," hajakuambia neno kamili mpaka akutajie namba 2 ya nani. Sisi watu wa reli tusidanganyike kwa jambo hili. Twajua reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na ile mpya iliyoanza kuchukua abiria kutoka Mombasa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Zote mbili huitwa reli, lakini gurudumu halifuati jina, hufuata kipimo.

Basi tupime. Na hapa kuna vipimo viwili tu vya kushika.

Cha kwanza ni unene wa ngozi. Kalipa ya karakana itaupima vizuri, na asiye na kalipa atumie rula kwa uangalifu. Mkisoma vitabu vya Marekani mtakuta ngozi inatajwa kwa aunsi. Msishtuke. Aunsi 1 ni sehemu moja ya 64 ya inchi, yaani karibu milimita 0.4. Ngozi ya aunsi 8 basi ni kama milimita 3.2, na hiyo ni ngozi ya mshipi.

Cha pili ni upana wa mkato, yaani ule uso mpya wa mshazari unaobaki ukingoni baada ya chombo kupita. Usiutafute katika namba iliyopigwa juu ya chuma. Chukua kipande kisicho na kazi, kata urefu wa kidole, kisha upime uso ule.

Kanuni yetu kikundini ni hii: upana wa mkato usizidi theluthi moja ya unene wa ngozi. Ngozi ya milimita 3, mkato wa milimita 1. Ngozi ya milimita 4, mkato wa 1.3. Ngozi ya milimita 5, kama soli ya makubazi, mkato wa 1.6 hivi. Ngozi ya milimita 2, mkato wa 0.7.

Kwa nini theluthi? Hesabu yake ni fupi. Mkato umelala mshazari, kwa hiyo mkato wenye upana wa milimita 1 huondoa kama milimita 0.7 za unene. Tukikata pembe zote mbili, ya juu na ya chini, tumeondoa 1.4. Katika mshipi wa milimita 3 hubaki 1.6 katikati, zaidi kidogo ya nusu, na hiyo ndiyo nguvu ya ukingo. Sasa twaa chombo kikubwa chenye mkato wa milimita 2 ukipitishe juu ya mshipi ule ule. Kila pembe itapoteza 1.4, mbili pamoja 2.8, na katikati itabaki milimita 0.2. Huo si ukingo tena, ni wembe. Utajikunja siku ya kwanza na kupasuka baadaye, na mwenye mshipi ataurudisha.

Si hayo tu. Mkato hula pia kuelekea kwenye mshono. Kama mshono umekaa milimita 3 kutoka ukingoni na mkato mkubwa ukala 1.4, pale juu ya uso wa ngozi hubaki 1.6 tu ya kuushika uzi. Ukanda wa mkoba wa shule hubeba vitabu vya mtoto kila siku. Uzi utaitafuna ngozi ile mpaka utokee nje. Basi kuchagua saizi si jambo la urembo peke yake. Ni jambo la kitu kudumu au kutodumu.

Kuna mambo matatu ya kuangalia wakati wa kupima.

Moja, kama ngozi ni tabaka mbili zilizogundishwa, pima tabaka zote pamoja, maana ukingo ni mmoja. Kipochi cha ngozi mbili za milimita 1.2 kina ukingo wa 2.4, na mkato wake ni 0.8. Pembe za ndani, pale ngozi zinapokutana, hazikatwi kamwe. Tena gundisha kwanza, shona, sawazisha kwa kisu, ndipo ukate pembe. Anayekata pembe kabla ya kushona ataona tabaka zimehama na ukingo umekuwa ngazi.

Mbili, kitu kimoja chaweza kuwa kinene hapa na chembamba pale. Hapo fuata sehemu nyembamba, ukatumie chombo kile kile kidogo kote, ili mstari uwe mmoja. Sehemu nene itamaliziwa na msasa. Chombo kidogo pamoja na msasa hufanya kazi ya kikubwa, lakini kikubwa hakiwezi kufanya kazi ya kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki, na ngozi iliyokatwa hairudi.

Tatu, tazama ni ngozi ya namna gani. Ile iliyotiwa dawa ya magome, kama ya mti wa wati unaopandwa katika nyanda zetu za juu, ni ngumu kiasi, na hukatika safi na kung'aa ikisuguliwa. Ile ya kromu ni laini. Mara nyingi ukiikata huonyesha rangi ya kijivu au samawati ndani. Hiyo huvutika mbele ya chombo badala ya kukatika, na hata ukiisugua mchana kutwa haing'ai kama ile nyingine. Kwa ngozi ya kromu iliyo nyembamba, heri kuukunja ukingo na kuushona, au kuupaka rangi ya ukingo, kuliko kununua chombo kingine ukitumaini kitaponya.

Hapa pana neno ambalo twaomba lishikwe sana. Mara nyingi fundi husema, "Namba hii ni ndogo, haikati, nipeni kubwa." Ukikitazama chombo, ni butu tu. Chombo kikali hutoa uzi mmoja mrefu bila kukatika; kilicho butu hutoa makombo na kuikunja ngozi kama nguo. Fundi akipewa kikubwa kipya ataona kinakata, naye atadhani saizi ndiyo iliyomsaidia, kumbe ni makali mapya. Kwa hiyo kabla ya kuomba chombo kingine, noa. Chukua uzi mnene, uupake dawa ya kung'arishia chuma, uupitishe katika mfereji ule wa kati mara nyingi. Kama makali yamekwisha kabisa, zungusha msasa mwembamba sana juu ya waya unaoenea katika mfereji, kisha maliza na uzi. Meno ya nje yasiguswe kwa tupa, maana umbo likiharibika na mkato huharibika.

Na namna ya kushika: mpini uinamishwe katikati ya kusimama na kulala, yaani nyuzi 45. Ukiuinua mno chombo huchimba. Ukiulaza mno huteleza. Sukuma moja kwa moja, wala usisimame katikati, maana pale uliposimama patabaki alama.

Sasa turudi kwenye hoja. Kikundi chetu hutengeneza nini hasa? Mishipi na kanda za mikoba, ngozi ya milimita 3 mpaka 4. Kazi hiyo yote yataka mkato wa milimita 1 au zaidi kidogo. Hicho ni chombo kimoja. Makubazi yenye soli ya milimita 5 yataka mkato wa 1.5 au 1.6. Hicho ni cha pili. Vipochi ni vichache, na pembe zake zaweza kupunguzwa kwa msasa uliozungushiwa kibao. Vile vitatu vingine vya seti vingelala sandukuni vikipata kutu.

Basi shauri letu ni hili. Tununue kimoja kizuri cha mkato wa milimita 1, cha chuma kinachoshika makali. Wawili miongoni mwetu waende dukani na kipande cha ngozi mfukoni, wakijaribu na kukipima kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali tujaribu, tumwache. Juu ya mpini tuandike kwa rangi kipimo cha milimita, siyo namba ya kiwandani. Cha pili kinunuliwe kwa faida ya makubazi, wakati faida hiyo imekwisha kuonekana katika daftari. Na fedha zitakazobaki zinunue ngozi, kwa sababu chombo kisicho na ngozi hakimlishi mtu. Vyombo vitunzwe na mtu mmoja, na kila anayevichukua atie sahihi yake.

Neno la mwisho si la ngozi. Wako watakaosema, "Hawa wana mishipi ya kuuza, wanataka nyongeza ya nini?" Tuwajibu mapema. Kazi hii twaifanya kwa saa zetu za kupumzika na kwa mikono yetu, nayo haipunguzi hata senti moja ya haki yetu ya mshahara. Inamsaidia mwenzetu aliyestaafu, mjane wa mwenzetu, na sisi sote wakati mwezi unapokuwa mrefu. Lakini mshahara wa haki tutaudai mezani, kupitia Chama, kama siku zote.

Tena, kwa kuwa vitu vyetu vinauzwa kwa jina moja, ukingo mbaya wa mmoja hushusha bei ya wote. Kila mmoja apime kabla ya kukata.

Tumemaliza, Bwana Mwenyekiti. Vipande vya majaribio viko pale mezani, cha mkato wa milimita 1 na cha milimita 2, vyote vya ngozi moja. Wanachama wapite wavikunje kwa mikono yao wenyewe, kisha wapige kura.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu wa kikundi cha ngozi.