Kupima Sera Kabla ya Kupima Shamba

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kisarawe)



Nimetakiwa niseme juu ya kupima sera za Serikali kabla hazijatekelezwa, ili ijulikane zitaiathiri vipi ardhi, misitu na maji. Sitakwenda mbali kutafuta mfano.

Mbono tunaujua sote. Wazee wetu waliupanda makaburini, ndiyo maana ukaitwa mbono kaburi. Hakuna aliyeudhania kuwa mali. Bei ya mafuta ilipopanda duniani, na nchi za Ulaya zilipojiwekea mwaka 2003 shabaha ya kutumia mafuta ya mimea katika magari, mbegu zake zikaanza kutafutwa. Kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ikaomba ardhi wilayani humu. Vijiji 11 viliguswa, hekta 8,211 zikatolewa. Mwaka 2011 kazi ikasimama, na mamia ya wafanyakazi wakaachishwa.

Sasa angalieni mpangilio wa mambo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliagiza kwamba miswada, kanuni, sera na mipango ya maendeleo yenye kugusa mazingira ifanyiwe kwanza tathmini ya kimkakati. Kanuni za tathmini hiyo zilitoka 2008. Lakini miongozo ya taifa juu ya nishati ya mimea ilitolewa 2010, wakati pori limekwisha kufyekwa na mibono imekwisha kupandwa.

Tathmini ya mradi huuliza shamba hili liendeshwe vipi. Kama nchi yahitaji mashamba ya namna hiyo, na yakae wapi, hilo ni swali la sera. Lingeulizwa mapema, ingebainika kwamba pori lililodhaniwa tupu ndilo lililotoa kuni, mkaa, uyoga, dawa na nguzo za nyumba. Wanavijiji walilalamikia pia maji na makaburi yaliyobaki ndani ya shamba.

Wapo wasemao kwamba tathmini huchelewesha maendeleo. Ni kweli, huchelewesha. Lakini ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi yenyewe kijijini siku kampuni inapoondoka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkutano mkuu wa kijiji waweza kukubali au kukataa uhamishaji wa eneo lisilozidi hekta 250. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo tu, na Waziri ndiye mwamuzi. Kwa mashamba makubwa, basi, sauti yetu ina nguvu zaidi sera ingali rasimu.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, mkisikia rasimu ya sera ya ardhi, misitu au nishati, iombeni wilayani. Isomeni mbele ya wanachama, maoni yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Mazingira. Msiandike malalamiko ya jumla. Andikeni jina la pori, jina la kisima, na idadi ya kaya zinazovitegemea.