Hotuba ya Mwenyekiti: Habari za Nyumbani Lipangalala

Wenzetu tuliosoma pamoja shule ya msingi, mmekuja leo kutoka mbali. Karibuni nyumbani. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi. Waliotangulia mbele ya haki tunawakumbuka.

Ninyi mlioondoka na treni ya TAZARA mkaenda Dar es Salaam na Mbeya, mkipiga simu mnauliza, "Habari za nyumbani?" Sisi tunajibu, "Nzuri tu." Leo tuwaeleze vizuri.

Pantoni ya kwenda Ulanga haipo tena. Mnakumbuka tulivyokuwa tunasubiri kivukoni na mizigo kichwani? Januari 2016 kivuko kilipigwa na upepo kikazama. Mwaka huo huo ndio tulianza kikundi, tukiwa kumi na wawili chini ya mwembe. Sasa pana Daraja la Magufuli, mita 384, lilizinduliwa Mei 2018. Mgonjwa akitoka Lupiro usiku, anafika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko bila kungoja kuche. Barabara ya Kidatu hadi hapa, kilomita 66.9, ni lami, ilizinduliwa Agosti 2024. Lile vumbi la kubadilisha nywele rangi limekwisha. Baiskeli zetu bado zipo, ila vijana wamehamia kwenye bodaboda.

Jambo moja halijabadilika, nalo ni maji. Masika ya 2024 mto Lumemo ulifurika, maji yakaingia majumbani. Mpunga ulizama, vyoo vilibomoka, wengine tulilala kwa ndugu. Na hapo, jamani, tunataka kusema jambo lisilopendeza kwenye sherehe.

Sanduku letu lina kufuli tatu, lakini wakati ule fedha nyingi zilikuwa mashambani, kwa mikopo. Marejesho yakakwama. Katiba yetu ilisema asiyelipa achukuliwe dhamana. Basi tukaenda kwa mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja, tukachukua baiskeli yake. Ndiyo aliyokuwa akipelekea samaki sokoni. Tulimdai hela, tukamwondolea kitu cha kumpatia hela. Hakusema neno. Mkutano uliofuata hakuja, baadaye tukasikia amehama, amekwenda kwa mwanawe.

Sheria tuliifuata, utu tukauacha. Tulikosea, na tunasema hivyo mbele yenu wote.

Tangu hapo tumebadili katiba. Mafuriko yakija, kwanza tunapita nyumba kwa nyumba kuangalia hali. Aliyepoteza shamba anaongezewa muda bila riba, na mfuko wa jamii unampa hela ya mbegu. Mwanzo tuliogopa kwamba watu watafanya mchezo na mikopo. Hawakufanya. Wamelipa polepole, na sanduku halijafa.

Ile baiskeli hatukuiuza. Ipo nyumbani kwa mwenyekiti, inapakwa mafuta, matairi yana upepo. Kitabu chake cha hisa kimo sandukuni pamoja na vyetu. Ninyi mnaokaa mijini, mkikutana naye, mwambieni tumemkosea na tunamngoja. Habari ya deni tutaongea tukishakula.

Na ninyi pia msingoje misiba ndipo mje. Barabara sasa ni nzuri.

Kikundi oyee!