Yogati ya Matunda: Je, Inajenga Mwili wa Mtoto?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo. Tumekuja na habari ya kikombe kidogo chenye picha ya stroberi, ile yogati tamu inayouzwa madukani.

Katika kutembelea nyumba tulimkuta mama mmoja mwenye ng'ombe wa kukamwa. Asubuhi alikuwa amepeleka maziwa yote sokoni Keroka. Jioni alirudi na kikombe kimoja cha yogati kwa mtoto wake wa miaka 2, ambaye uzito wake ulikuwa umeanza kushuka. Akatuambia, "Hii ndiyo ya watoto, ina matunda." Hatukumlaumu. Hata sisi tumewahi kuwapelekea wagonjwa kikombe hicho hicho bila kusoma maandishi yake.

Basi tuyasome pamoja. Yogati ni maziwa, na maziwa ni chakula chema. Kikombe cha chai cha mililita 250 cha maziwa halisi kina protini karibu gramu 8, zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku ya mtoto wa miaka 2. Kina pia kalsiamu karibu miligramu 300 ya kujenga mifupa na meno. Na yakigandishwa, wengi ambao maziwa mabichi huwasumbua tumbo huyavumilia vizuri zaidi.

Sasa, matunda yako wapi? Vitu huandikwa kwenye kikombe kwa kufuata wingi wake. Mara nyingi utaona maziwa, kisha sukari, halafu rangi na ladha. Ladha ya stroberi si stroberi! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai. Mtoto anapaswa kupata chini ya hapo. Sukari hiyo huozesha meno, na humshibisha mtoto akakataa chakula.

Tena, maziwa yana madini ya chuma kidogo sana. Yogati haiwezi kuchukua nafasi ya chinsaga, rinagu, maharagwe au omena.

Jameni, usiache mbachao kwa msala upitao. Nyanya zetu walikuwa na amabere amaruranu ndani ya kibuyu. Ni ndugu wa yogati. Tunaongeza neno moja tu: chemsheni maziwa kwanza, kwa sababu maziwa mabichi, hata yakiganda, yanaweza kuleta homa ya brusela na kifua kikuu.

Njia ya kutengeneza nyumbani ni hii:

1. Chemsha lita 1 ya maziwa katika sufuria safi.
2. Yaache yapoe mpaka yawe ya joto bila kuchoma kidole.
3. Koroga ndani vijiko vikubwa 2 au 3 vya yogati isiyo na sukari wala ladha, iliyo hai, yaani haikuchemshwa baada ya kugandishwa.
4. Funika, weka ndani ya hotpoti au funga kwa blanketi, usiitikise kwa saa 6 hivi.
5. Ikishaganda iweke mahali pa baridi. Wakati wa kula, ponda ndizi mbivu au tia pasheni.

Hapo ndipo itakuwa yogati ya matunda kweli. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake.

Kikundi kikitaka kuuza, kwanza kitafute kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya.

Hatusemi maziwa yasiuzwe. Karo ya shule inatoka huko, tunajua. Tunaomba kabla mtungi haujatoka nyumbani, kikombe cha mtoto kipimwe kwanza. Yule mama sasa anafanya hivyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: alikuwa akiuza maziwa mengi ili anunue machache yenye sukari.

Mkutano ujao, kila kikundi kije na kikombe kitupu cha dukani. Tutasoma maandishi pamoja, halafu tutaonja ya kwetu.