Habu za Mkono na Habu za Kujifunga Zenyewe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva na mafundi wa tawi)



Nimeombwa kusema juu ya habu. Wengine watasema hilo ni jambo la gereji, si la chama. Lakini gari likikwama na shafti ikavunjika, anayeitwa ofisini ni dereva.

Habu iko katikati ya gurudumu la mbele. Ikiwa wazi, gurudumu huzunguka peke yake juu ya beringi, na shafti na difu ya mbele hutulia. Ikifungwa, gurudumu na shafti huwa kitu kimoja. Faida ya kuiacha wazi kwenye lami ni kwamba vyuma haviliki bure. Ndiyo sababu mwaka 1948, huko Marekani, Arthur Warn alianza kuuza habu za namna hii kwa wenye Jeep zilizobaki baada ya vita.

Habu ya mkono humtaka dereva ashuke, azungushe kitasa toka FREE mpaka LOCK, kulia na kushoto. Ukisahau upande mmoja, nguvu hukimbilia upande ulio wazi na mbele hakuvuti kabisa. Na usitie gia nzito ya chini habu zikiwa wazi, maana mzigo wote utaangukia ekseli ya nyuma.

Habu ya kujifunga yenyewe hushika shafti inapoanza kuzunguka. Kuifungua, unasimama, unarudisha gia ya magurudumu mawili, kisha unarudi nyuma mita chache. Ni raha kubwa, hasa mvua ikinyesha. Lakini zile za kizamani zina tabia mbaya. Ukilisukasuka gari mbele na nyuma ili litoke matopeni, habu huachia na kushika tena kwa kishindo, na kishindo hicho huvunja meno. Ukiteremka mlima kwa kuzuiwa na injini, nyingine huachia, na magurudumu ya mbele hayasaidii tena kuzuia gari.

Kwa sisi tunaopita udongo mweusi wa Narok wakati wa masika, mimi nachagua ya mkono. Naiona kwa macho kama imefungwa. Tena hakuna hasara kuifunga asubuhi kabla ya kufika kwenye tope. Kinachoharibu ni kutia gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu. Ziko pia habu zilizoandikwa AUTO na LOCK. Mwenye hizo afunge LOCK kabla ya mahali pabaya, asingoje.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Habu iliyokauka grisi si kosa la kusudi la dereva. Basi kabla ya safari, zungusha vitasa vyote viwili. Kimoja kikiwa kigumu, andika katika kitabu cha gari, na mkubwa wa gereji atie sahihi. Akikataa, mlete habari kwa karani wa tawi siku hiyo hiyo, si baada ya gari kuvunjika.

Habu mbili zimefunguliwa hapa mezani, moja ya kila namna. Njoni mzishike kabla hatujaingia katika mambo ya michango.