Viza ya Mke au Mume: Tusikimbilie Kuuza Shamba



Leo tunazungumza juu ya jambo linaloweza kufika kwenye kikundi chochote. Binti ameolewa na mtu anayekaa Uingereza. Anaomba viza amfuate bwana yake, ananyimwa kwa sababu ya pesa. Basi jamaa wanaitisha harambee, na mzee anataka kuuza shamba. Tunasema: ngojeni kwanza, tuielewe sheria.

Zamani wenye ndoa walitakiwa kuonyesha kwamba watajitunza bila kutegemea serikali. Mwaka wa 2009 Mahakama ya Juu ya huko ilikubali hata msaada wa jamaa uhesabiwe. Lakini Julai 2012 mambo yaligeuka, ikawekwa paundi 18,600 kwa mwaka. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayeomba mara ya kwanza anatakiwa kuonyesha paundi 29,000.

Sasa sikilizeni vizuri. Mshahara unaoangaliwa ni wa yule aliye Uingereza. Ule ambao binti anapata hapa Kenya hauhesabiwi. Ahadi ya mjomba kwamba atasaidia, kwa kawaida nayo haihesabiwi. Akiba inakubaliwa, lakini kama hakuna mshahara wowote, inatakiwa paundi 88,500, na iwe imekaa miezi 6 mikononi mwa wenyewe. Pesa ya zawadi ni sawa, ya mkopo hapana. Je, shamba la ekari mbili litafika hapo?

Akinyimwa, asikate tamaa. Barua itaeleza kama anaweza kukata rufaa. Akiwa nje ya Uingereza ana siku 28 tangu aipokee. Hizo siku zisiishie kwenye mikutano ya harambee! Bwana yake atafute wakili kule mara moja, na atoe hati za mshahara na za benki za miezi 6, hesabu zikilingana.

Tena, kama kuna mtoto, msimfiche. Mwaka wa 2017 Mahakama hiyo ilisema kiwango cha pesa si kinyume cha sheria, lakini maslahi ya watoto lazima yatazamwe. Mwaka huo huo kanuni zikarekebishwa: familia ikiwa itaumia kupita kiasi, msaada wa uhakika wa jamaa unaweza kufikiriwa. Hapo ndipo kikundi kinaweza kusaidia, kwa maandishi.

Shamba likishauzwa halirudi, lakini viza inaweza kuombwa tena. Tushauriane kabla ya kutia sahihi.