Leseni ya Wakala na Haki ya Mwanafunzi



Mada niliyopewa leo ni wajibu wa dola juu ya mawakala wanaoandikisha wanafunzi katika shule binafsi za ufundi. Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule njema nayo yaweza kujitembeza; hata hivyo, anayebisha hodi kwa maskini akimwuzia matumaini sharti ajulikane ni nani, na ametumwa na nani.

Tuitazame Marekani. Katika jimbo la New York, wakala anayetafuta wanafunzi wa shule hizo kwa malipo hutakiwa kuwa na cheti cha Idara ya Elimu ya jimbo. Hivyo jina lake limeandikwa, na akidanganya, cheti chaweza kufutwa.

Lakini cheti hakimwongoi mtu ambaye mshahara wake hupanda kwa kila kichwa anachokiandikisha. Ndiyo maana mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipiga marufuku malipo ya namna hiyo kwa shule zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 2002 kanuni zililegezwa. Zikakazwa tena kuanzia Julai 2011. Madhara yalikwisha kuonekana. Kamati ya Seneti, katika taarifa yake ya mwaka 2012, ilichunguza makampuni 30 ya elimu. Mwaka 2010 yalikuwa na waandikishaji 35,202, na watumishi wa kuwasaidia wahitimu kupata kazi 3,512 tu: kumi mlangoni pa kuingilia, mmoja pa kutokea.

Kampuni ya Corinthian Colleges ilipofunga vyuo vyake vya mwisho Aprili 2015, wanafunzi wapatao 16,000 waliachwa njiani. Juni 2022 serikali ilitangaza kufuta mikopo ya watu 560,000 waliosoma kwake, dola bilioni 5.8. Miaka iliyopotea haikurudishwa.

Basi haki yadai mambo matatu: wakala awe na leseni, ujira wake usitegemee idadi ya vichwa, na shule iwajibike kwa kila ahadi aliyoitoa. Naye kijana, kabla ya kutia sahihi, aulize: Cheti chako kiko wapi? Unalipwaje? Wahitimu wangapi wana kazi? Wakala akikwepa maswali hayo, kijana asitie sahihi.