Michezo ya kutisha mbele ya watu waliokimbia vita



Vijana waliohitimu masomo ya maigizo wanaomba kuwachezea hapa michezo yao ya kutisha: visu, damu, maiti. Bidii yao tunaipenda. Lakini Paris, Ufaransa, ukumbi wa Grand-Guignol ulifunguliwa mwaka 1897, ukaja kujulikana kwa michezo ya namna hiyo. Watu walilipa ili watetemeke, hata wengine walizimia. Baada ya vita vya 1939-1945 watazamaji walipungua, maana walikwisha kujua mabaya kuliko yale ya jukwaani. Ukafungwa 1962.

Kati yenu wako waliozika watoto njiani. Tumewaambia vijana waigize ugomvi wa maji kwenye robine, wasimame katikati, mtazamaji apande aonyeshe njia nyingine. Mama mmoja akisema basi, wataacha. Siku mtaipanga ninyi.